Chokoleti Zisizoliwa

Aprili 4

Msimu wa besiboli umeanza, na sisi tumepoteza droo ya mboga. Nimefungua friji kutafuta nyanya, nikakuta wanaume wenye kofia wakinitazama kutoka kwenye karatasi za chokoleti. Nyanya zilikuwa mezani, zimeanza kulainika.

"Chokoleti inataka ubaridi wa kiasi, Da Leo," Ezekiel aliniambia. "Nyanya ni ngumu, itavumilia."

"Nyanya si ngumu, Ezekiel."

"Basi ina moyo."

Ezekiel ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Anaishi nami hapa Hyattsville, Maryland, na anapakua mizigo ghalani. Ijumaa, ambayo ni siku yake ya mapumziko, huzunguka akitafuta vitu vya besiboli ambavyo hata wenye mchezo wao huvicheka: chokoleti zilizouzwa zamani kwa jina na sura ya mchezaji fulani, maboksi ya nafaka ya asubuhi yenye picha ya mpigaji, makopo matupu ya soda, pipi zilizogandia ndani ya vikopo vyenye umbo la kofia. Kadi za wachezaji, ambazo kila mtu huzikusanya, hazimvutii. Yeye mwenyewe huviita vitu vyake makorokoro, na hulitamka neno hilo kama mzazi anayemtaja mtoto mtundu.

Nimeanza shajara hii kwa sababu naogopa. Ombi lake la hifadhi limekaa miaka bila jibu. Kibali cha kazi anacho. Uhakika wa kesho hana. Mwaka huu tunasikia kwamba watu wenye karatasi kama zake wanachukuliwa njiani na maafisa wa uhamiaji, wakiwa na karatasi hizo mkononi, na kila Ijumaa yeye anatoka kwenda kutafuta chokoleti. Mimi hufundisha takwimu chuoni Annandale, na kila muhula nawasihi wanafunzi watenganishe walichokiona na walichokidhani. Hofu isiyoandikwa hujigeuza hoja. Nitaiandika, nione kama itakubali kubaki hofu.

Aprili 21

Jumatatu ya Pasaka. Wambura wa ghorofa ya juu alishuka kunywa chai. Ni mwanamke wa Tarime, anahudumia wazee majumbani mwao, na sijawahi kumsikia akizungusha jambo. Alifungua friji mwenyewe kutafuta maziwa.

"Mwalimu! Chokoleti zote hizi, na mgeni anapewa chai kavu?"

"Hizo haziliwi."

"Zina sumu?"

"Zina umri kukushinda wewe, dada," Ezekiel alimjibu.

"Kumbe friji lenu ni makaburi." Alilifunga taratibu, kwa heshima. "Kwetu chakula ambacho mgeni hapewi ni cha mchawi. Nawaambia tu, msije mkasema sikuwaambia."

Kabla ya kupanda kwake alitueleza utaratibu mpya wa kundi la simu la jumuiya yetu ya sala. Kuanzia sasa mtu asiandike neno "maafisa". Akiwaona, aandike "mvua". Mvua nyepesi: gari limeonekana. Mvua kubwa: watu wanachukuliwa. Wakiondoka: jua.

"Na theluji?" Ezekiel aliuliza.

"Theluji ni wewe kunyamaza."

Tulicheka sote. Baadaye, nikiosha vikombe, niligundua kwamba nilikuwa nimechungulia dirishani mara kadhaa, na kwamba sikuwa naangalia mawingu.

Aprili 29

Nimesahihisha mitihani. Hakuna mvua ya aina yoyote.

Mei 9

Nilifuatana naye leo, nione anakokwenda. Ilikuwa nyumba ya marehemu, Annandale, si mbali na chuo. Hapa mtu akifa bila wa kurithi vyombo vyake, milango huachwa wazi, kila kitu huwekwa bei, na wapita njia huingia kuchagua. Nilipomsimulia Wambura alishika kichwa: "Matanga hayajaanuliwa, ninyi mnapigania sufuria!" Viatu vya marehemu vilikuwa bado mlangoni, kimoja kimelalia kingine.

Jikoni, mbele ya kabati, Ezekiel alikuwa amepiga magoti pamoja na mzee mmoja mkubwa wa mwili, wakibishana juu ya boksi la nafaka: picha ya mchezaji ilikatwa kwa mkasi au kwa kisu? Mzee huyo anaitwa Delbert. Alikuwa mzimamoto, sasa amestaafu, na amekuwa akikusanya makorokoro hayahaya tangu utoto. Husikia kwa msaada wa kifaa cha sikioni na husema kana kwamba sote tunacho.

"Kwa kisu!" alinguruma. "Mtoto hakati sawasawa hivi!"

"Mtoto wa kwenu," Ezekiel alisema. "Wa kwetu angekata kwa meno, na bado mkato ungenyooka."

Mzee alicheka hadi akashika kabati. Kisha akanigeukia mimi. Mnatoka nchi gani? Mnakaa wapi? Huyu anafanya kazi wapi? Nikamwambia tunakaa Maryland. Akasema Maryland ni kubwa.

Nilichokiona: mzee aliuliza maswali matatu. Nilichokidhani: anakusanya, ndiyo, swali ni anakusanya nini.

Mei 30

Utaratibu wa Wambura umevurugwa na majira. Ngurumo za mvua zinapiga kila alasiri, na kundi zima limechanganyikiwa. Leo mtu aliandika "Mvua kubwa hapa kituoni", na mama mmoja wa jumuiya yetu akaacha mkokoteni wake umejaa ndani ya duka, akatokea mlango wa nyuma. Ilikuwa mvua.

Wambura alituma tangazo la sauti kundini: "Jamani, mvua ya Mungu iitwe maji! Mvua ni ile ya watu. Asiyeelewa aje nimfundishe kwa mwiko." Ezekiel hakulisikiliza. Yeye hufuata habari za mechi, ambako kila siku mvua inasimamisha kitu, na neno hilo kwake lina kazi moja tu. Nilimwomba asikilize. Akasema atasikiliza. Sina hakika kama nilisubiri nimwone akifanya hivyo.

Juni 20

Mvua kubwa, Langley Park.

Nilikuwa ndani ya basi, nimesimama, na barabara imebanwa na uzio wa reli mpya inayojengwa. Simu za watu zilianza kulia karibu pamoja, kila moja kwa lugha yake. Nje ya dirisha, kwenye maegesho ya maduka, niliona gari jeupe la mafundi wa paa, milango yote wazi, ngazi bado imefungwa juu, na hakuna mtu. Kofia moja ya kazi ilikuwa chini, inazunguka kwa upepo. Hilo ndilo nililoliona. Maafisa wenyewe, wanaume wenye barakoa, walikuwa wamekwisha kuondoka, au walikuwa upande wa pili wa jengo. Sikuwaona, na sitaki kuandika kwamba niliwaona.

Mwanamke aliyekuwa amekaa mbele yangu alimvuta mwanawe akamkalisha mapajani, ingawa mtoto alikuwa mkubwa mno kukaa mapajani.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Ezekiel akipima unyevu wa droo kwa kipimo kidogo alichokiagiza. Nilimfokea. Nilimwambia kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kutembea wazi mjini kwa ajili ya pipi za wafu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ghalani nakwenda siku tano, Da Leo," alisema. "Basi ni lilelile, barabara ni ileile. Mbona huko hunikatazi?"

Ghala linalipa kodi ya nyumba.

Julai 11

Joto kali, umeme umekatika mtaa mzima. Asubuhi Ezekiel alinipigia simu, sauti yake kama ya mtu aliye na mgonjwa: je, friji la walimu chuoni lina nafasi? Saa sita alisimama mlangoni pa darasa langu, jasho likimtiririka, amekumbatia sanduku la barafu kifuani.

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja aliuliza, "hicho ni kiungo cha mtu?"

"Ni zaidi," Ezekiel alisema.

Tulikula chakula cha mchana ofisini kwangu huku wale wanaume wenye kofia wakipoa. Nikamwuliza kwa utulivu, safari hii bila kufoka, kwa nini hasa vitu hivi.

"Fikiria. Hii ilitengenezwa iliwe wiki ileile. Hata kiwanda kiliitaka iishe. Mtoto mmoja akaitia kwenye droo, akasahau."

"Halafu?"

"Halafu basi. Bado ipo."

"Unataka kuniambia kwamba chokoleti hiyo ni wewe."

"Dada, usinitolee mhadhara. Nimekuambia habari ya chokoleti."

Alikuwa anacheka, lakini hakunitazama. Kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba huenda naye anaogopa sawa na mimi. Huenda amepata tu mahali pa kuiweka hofu yake, penye ubaridi wa kiasi.

Julai 25

Delbert amenipigia simu. Mimi, si Ezekiel. Alitaka jina kamili la mdogo wangu, kwa herufi moja moja, na jina la mji aliozaliwa. Nikamwuliza kwa nini. Alisema anaandika kumbukumbu zake. Nikasema nipo darasani, nikakata simu. Nilikuwa jikoni.

Ezekiel alipoambiwa aliinua mabega. "Nilimpa juzi. Nikamwambia Kamachumu, akaandika na K tatu."

Nimejaribu kujihoji. Mtu akitaka kukushtaki, hana haja ya tahajia sahihi. Au ndiye mwenye haja nayo zaidi. Kila ninapoligeuza jambo hili linatoa uso mwingine, na nyuso zote zinafanana na kitu.

Agosti 8

Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Ijumaa. Ezekiel alikwenda Annandale kwa Delbert. Kulikuwa na nyumba nyingine ya marehemu, na tetesi za boksi zima la chokoleti za dukani, halijafunguliwa tangu lilipotoka kiwandani. Mimi nilibaki. Hapa Hyattsville jua lilikuwa kali, anga jeupe, wala hapakuwa na jani linalotikisika. Ndipo ujumbe wake ulipoingia:

"Mvua kubwa huku. Wamenipakia garini. Simu inazima."

Nilimpigia. Haikuita. Nilimpigia Delbert. Haikupokelewa. Nilimpigia wakili wetu. Msaidizi wake alisema yuko mahakamani. Niliusoma ule ujumbe tena. Wamenipakia. Kitenzi hicho ni cha mizigo, cha magunia ya kahawa. Hakuna mtu anayesema hivyo kuhusu nafsi yake kwa hiari. Nilichokiona: maneno saba na jua dirishani. Nilichokidhani sikukitenganisha. Mwalimu wa takwimu hakukitenganisha.

Wambura alinikuta ngazini nikiwa na funguo.

"Unakwenda wapi?"

"Wamemchukua. Ninakwenda kuuliza."

"Kuuliza kwa nani? Mwalimu, mtu haendi kwa simba kuuliza habari ya mbuzi! Kaa, tupige simu."

Sikukaa. Niliendesha hadi kwenye ofisi yao ya uhamiaji iliyo upande wa Virginia. Daraja lilikuwa limejaa magari, na nilikuwa nikisema jina lake kwa sauti peke yangu. Nje ya ofisi kulikuwa na watu wamekaa ukingoni mwa maua, bahasha zao mikononi. Ndani, nyuma ya kioo, kijana mmoja mwenye adabu aliniuliza namtafuta nani. Nilimpa jina kamili. Nilimpa nchi. Nikampa, kwa sababu aliuliza kwa upole, mji wa Kamachumu, na nikamrekebisha tahajia.

Alichapa. Alingoja. Akatazama skrini kwa muda ambao nitaukumbuka.

"Hayupo kwetu," alisema. "Lakini faili lake ninaliona. Bado anaishi kwenye anwani hiihii?"

"Ndiyo. Kwangu."

Na hapo, neno likiwa limekwisha kutoka, nilisikia nilichokisema. Akachapa tena, kitu kifupi. Akanishukuru.

Nilipofungua mlango wa nyumbani Ezekiel alikuwa sakafuni jikoni, miguu mitupu, suruali imelowa hadi magotini, akikausha boksi la karatasi kwa kikausha nywele changu, kwa mbali, kwa uangalifu wa mtu anayempepea mtoto.

"Da Leo! Ulikuwa wapi? Tazama! Zote ishirini na nne! Mvua ilitukuta uwanjani na boksi mkononi, ngurumo hizo, Delbert na binti yake wakanisukumia kiti cha nyuma pamoja na makatoni, wakanipakia kama shehena..." Akaniona uso. "Nini?"

Nilimweleza. Alizima kikausha nywele.

"Ilikuwa ya maji, dada," alisema. "Ya maji tu."

Kwenye boksi kulikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, mwandiko wa mtu mzee: limepatikana Annandale na Ezekiel Rwegoshora, wa Kamachumu, Tanzania. Delbert, alinieleza, anavifungia vitu vyote vikaratasi msimu huu, kwa kuwa ana miaka themanini na anaamini kwamba kitu kisicho na historia ndicho hutupwa kwanza. Hizo ndizo zilikuwa kumbukumbu zake. Mtu niliyemwogopa tangu Mei aliandika jina la mdogo wangu kwenye chokoleti. Aliyelipeleka kwenye kioo ni mimi.

Agosti 9

Ezekiel amekwenda kazini kama kawaida. Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi.

Agosti 22

Hakuna kitu. Lakini kutokuja kwa mtu si ushahidi kwamba haji.

Septemba 12

Barua imekuja. Miadi yake ya kuripoti ilikuwa masika ijayo. Sasa anatakiwa Oktoba 9, yeye mwenyewe, ofisi ileile.

Wakili anasema wanawaita wengi mwezi huu na kwamba safari yangu huenda haihusiki kabisa. Anasema pia kwamba wengine huingia hapo na kutoka, na wengine huingia tu. Kila muhula naandika ubaoni kwamba jambo kufuata jambo si sababu yake. Naliamini hilo. Nina mdogo wangu mmoja, safari moja na barua moja. Hakuna hesabu duniani ya kuvitenganisha, na sitajua kamwe. Nilidhani shaka ni chombo changu cha kazi. Sikujua kwamba inaweza kuhamia ndani ya mtu na kukaa.

Septemba 26

Tumekuwa na kikao, kama kingeweza kuitwa hivyo: mimi, Ezekiel, Wambura, na Delbert, aliyekuja kwa gari lake na kukaa kwenye kiti ambacho kililalamika. Ezekiel alimtafsiria tulipokolea Kiswahili.

Nilisema Ezekiel asiende. Nilisema Delbert ana chumba chini ya nyumba yake. Akae huko, kesi ijijue yenyewe.

"Nisipokwenda, hukumu inatoka mimi sipo, basi, imekwisha," Ezekiel alisema. "Nikienda, nina nafasi."

"Nafasi kiasi gani?" nilimwuliza, nikajisikia nikiuliza kama mtihani.

"Hata wewe huijui, dada. Ungeijua ungeshaiandika."

Wambura alinishika goti. "Mwalimu, ulikwenda mara ya kwanza bila kumwuliza. Hii mwache aende mwenyewe."

Lilikuwa neno la kikatili, na lilikuwa sahihi. Au nimechoka tu kulipinga. Delbert aliomba atafsiriwe. Alipoelewa alisema kwa sauti yake ile ya kuvuka barabara kwamba atamsindikiza hadi watakapomzuia, kwa sababu wana boksi la nafaka ambalo bado hawajakubaliana, na hataki kubishana na mjane wa mtu.

"Hana mke," nilisema.

"Basi na wewe," alisema. "Ndiyo mbaya zaidi."

Oktoba 9

Nilishindwa kuingia. Nilidhani yule kijana wa nyuma ya kioo atanitambua, atakumbuka kitu, atachapa. Kwa hiyo Ezekiel aliingia na wakili, Delbert nyuma yao na tai iliyomkaba, nami nikabaki garini kwenye maegesho, milango nimeifunga.

Ilikuwa baridi yenye jua. Kulikuwa na gari kubwa jeusi karibu na mlango wa pembeni, na wanaume wawili waliojifunika nyuso wakinywa kahawa, wakishusha barakoa kila wanapopiga funda. Mmoja alikuwa na ndevu alizozichonga vizuri. Mwanamke alitoka na bahasha, akabusu bahasha. Mwanamume aliingia na mkewe. Baada ya muda mrefu mke alitoka peke yake, amebeba koti la mumewe, akasimama katikati ya maegesho kama aliyesahau alikoliacha gari. Nilitaka kumwendea. Sikumwendea. Wale wanaume walitupa vikombe vyao, wakaingia ndani.

Nikaacha kuutazama mlango. Nilitazama usukani.

Kisha mtu akagonga kioo changu.

Nilitazama. Alikuwa Ezekiel, mzima, shati la Jumapili limetoka nje ya suruali, na nyuma yake Delbert akijifungua tai. Alikuwa anasema kitu na kunyoosha vidole. Nilielewa baadaye kwamba alisema Aprili, kwamba wamempa hadi Aprili, aripoti tena. Aligonga tena. "Da Leo, ni mimi. Fungua."

Nilimwona. Nilimtambua, sauti na uso, pengo la jino la pembeni, kila kitu. Na mkono wangu haukwenda. Ulikuwa umeshika kitasa kwa ndani, ukikivuta kuelekea kwangu, kama mtu anayezuia mlango usisukumwe. Wanaume wale wawili walitoka tena, wakapita nyuma yake, karibu kabisa, wakizungumza wao kwa wao. Ezekiel aliwasikia, nilimwona akiacha kupumua. Hakugeuka. Aliweka kiganja chake chote juu ya kioo, akaninong'onezea kitu kwa lugha ya mama.

Yuko chumbani kwake sasa, namsikia akizungumza na mtu kwenye simu, anacheka. Hakunilaumu. Alipoingia garini alifunga mkanda, akasema tu, "Endesha, dada."

Nimekaa tangu tuliporudi nikijaribu kuukumbuka mkono wangu ukifungua ule mlango. Lazima ulifungua, kwa sababu aliingia. Siukumbuki. Ninachokikumbuka ni kwamba nilimjua kuwa ni yeye, na nikaendelea kumwacha nje.